Nyimbo za zamani za kiangazi za Kijapani, safari ya Mbeya–Matema: zipi watu wa makamo wataziimba?

dereva_uyole

Wakuu, habari za leo. Mwishoni mwa mwezi wa kumi nina wageni wanne Wajapani wa kupeleka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tunalala usiku mmoja na kurudi. Mmoja kazaliwa 1961, wa pili 1967, wawili waliobaki ni wa kati ya 1975 na 1979. Mwenyeji wao amenidokeza kwamba wanapenda kuimba ndani ya gari, hasa nyimbo za kiangazi za ujana wao. Humo humo watakuwamo Watanzania wawili ambao hawajui hata neno moja la Kijapani na hawataki kukaa kama mizigo.

Gari ni Noah ya 2006, deki ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani: maandishi yote ya kwao, redio inaishia 90, hakuna tundu la flashi.

Naomba msaada wa mambo matatu: nyimbo zenyewe na miaka yake, namna ya kuzipiga kwenye deki hiyo, na mpangilio kwa barabara yetu hii ya Uyole–Tukuyu–Kyela. Nyimbo za katuni sizitaki, wageni wameshasema hapana.

---

Sakura_Gangilonga

Mkuu, miaka ya kuzaliwa umeitaja, na hapo ndipo pa kuanzia. Wimbo ambao mtu wa miaka hamsini anauimba bila karatasi kwa kawaida ni ule uliokuwa ukipigwa yeye akiwa na miaka 12 hadi 22. Wa 1961 anaangukia 1973–1983. Wa 1967 ni 1979–1989. Wale wawili ni kuanzia 1987 hadi 2001. Ukiwachanganyia tu "za zamani", kuna mmoja atakaa kimya mpaka Kiwira.

Kwa mkubwa wao weka "Nagisa no Sindbad" ya Pink Lady (1977). Wale mabinti wawili kila wimbo ulikuwa na mchezo wake wa mikono, na watu wa rika lile wanaucheza hata wakiwa wamefunga mkanda. Kisha "Aoi Sangoshō" ya Matsuda Seiko (1980). Huu hata vijana wanaujua upya, kwa sababu Hanni wa NewJeans, kundi la mabinti la Korea, aliuimba Tokyo Dome Juni 2024. Ongeza "Chūō Furīwei" ya Arai Yumi (1976). Hauna bahari ndani yake, ila ni wimbo wa gari hasa: watu wawili wanatoka Tokyo jioni kwa barabara kuu ya kuelekea magharibi, uwanja wa mbio za farasi upande wa kulia, kiwanda cha bia kushoto. Mjapani wa umri huo ukifika mstari huo anageuza shingo hata akiwa Mbeya.

Kwa wa 1967: "Futari no Natsu Monogatari" ya Sugiyama Kiyotaka na Omega Tribe (1985), na "Season in the Sun" ya TUBE (1986). TUBE ndio bendi ya kiangazi, wamejijengea jina kwa msimu huo mmoja. Kiitikio cha huo wa 1986 ni kifupi na kinarudi, hata Watanzania wako watakikamata mara ya pili.

Kwa wale wawili wadogo mzigo ni mkubwa: "Manatsu no Kajitsu" ya Southern All Stars (1990), "Shōnen Jidai" ya Inoue Yōsui (1990), "Natsu no Hi no 1993" ya kundi linaloitwa class (1993), "Yureru Omoi" ya ZARD (1993), "Natsu o Dakishimete" ya TUBE (1994), "Nagisa ni Matsuwaru Et Cetera" ya Puffy (1997), "Natsuiro" ya Yuzu (1998), "Hot Limit" ya T.M.Revolution (1998), "Secret Base" ya ZONE (2001).

Sasa nyimbo za kuwaunganisha wote wanne, na hizi ndizo muhimu kuliko zote. Southern All Stars walitoa wimbo wao wa kwanza, "Katte ni Sindbad", mwaka 1978. Kiongozi wao, Kuwata Keisuke, ni mtu wa Chigasaki, mji wa pwani mkoa wa Kanagawa, na fukwe za kwao zimejaa kwenye nyimbo zake. Umri wowote wa wageni wako una wimbo wa bendi hii. Daraja la pili ni "Natsu Matsuri": Jitterin' Jinn waliutoa 1990, Whiteberry wakaurudia 2000. Tumia wa Whiteberry, una kasi na ngoma zinasikika vizuri juu ya muungurumo wa gari. La tatu ni "Ue o Muite Arukō" ya Sakamoto Kyū (1961), ule uliofika namba moja Marekani mwaka 1963. Si wa kiangazi, lakini una sehemu ya mluzi, na mluzi hauhitaji Kijapani.

Angalizo moja. Nyimbo za kiangazi za Japani nyingi zina huzuni ndani, hata zile za kuchezeka. Kiangazi chao ni Julai na Agosti, katikati ya Agosti kuna Obon ambapo watu wanarudi kwao kukumbuka marehemu, halafu likizo ya shule inakwisha na marafiki wanatawanyika. "Secret Base" ni hilo hilo: mwisho wa kiangazi, watu wanaagana na kuahidiana kuonana baada ya miaka kumi. Usishangae mgeni akinyamaza katikati ya wimbo. Usiuruke, mwache.

Na umebahatika na tarehe. Julai, wakati Wajapani wanaimba jua na bahari, Uyole watu wamevaa makoti mawili. Oktoba mwishoni Kyela kuna joto la kweli, nyimbo zitakaa mahali pake.

---

fundi_Mwanjelwa

Naingia kwenye deki.

Redio za magari ya Japani ya umri huo zinashika 76 hadi 90 MHz. Huku kwetu stesheni ziko 87.5 hadi 108. Kwa hiyo kuna kipande kidogo tu cha kukutana: 87.5 mpaka 90. Transimita ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, ile inayorusha muziki wa simu kwenda kwenye redio, lazima uiweke ndani ya kipande hicho. Watu wananunua, inakuja imesetiwa 100 na kitu, wanaipigia kelele kwamba mbovu. Si mbovu, redio haifiki huko. Jaribu 87.7, 88.1, 88.5, 89.3, uchague pale ambapo bila transimita unasikia mkwaruzo mtupu bila sauti ya mtu. Andika mbili za akiba, kwa sababu ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela unaingia eneo la mitambo mingine na ile iliyokuwa tupu inaweza kuwa na stesheni.

Lakini angalia kwanza kama gari lina ekspanda, kile kiboksi kidogo nyuma ya deki kwenye waya wa antena. Kama unapata stesheni za kawaida za Mbeya kwa namba za ajabu, ipo. Ekspanda nyingi zinashusha 20 MHz: stesheni ya 100.0 unaisikia kwenye 80.0. Hapo hesabu ya transimita inageuka kabisa. Ukiiweka 88.1 hutaipata vizuri, maana ekspanda inataka kuipeleka 68.1 ambako deki haipo. Weka transimita 100.3, deki weka 80.3. Hili ndilo linalowachanganya hata mafundi.

Kwa safari ya siku mbili, mimi ningetegemea CD kuliko transimita. Sauti safi, hakuna mwingiliano. Masharti yake:

Tumia CD-R, si CD-RW, deki za zamani nyingi hazisomi RW. Kwenye programu ya kuchomea chagua CD ya muziki ya kawaida, usikopi mafaili ya MP3 kama unavyoweka kwenye flashi. Uso wa deki ukiwa na alama ya MP3 au WMA, basi unaweza kuchoma MP3. Choma kwa kasi ndogo, 8x au 16x. Ya kasi kubwa inasomeka kwenye kompyuta lakini kwenye deki yenye lenzi iliyochoka inaruka. CD moja ni dakika 80, kwa nyimbo za dakika nne na nusu unapata 17. Tengeneza nne, moja kwa kila kipande cha safari, uandike juu kwa kalamu ya wino laini, si kwa kubandika karatasi. Karatasi ikibanduka ndani ya deki kwa joto la Kyela, CD haitoki tena.

Kuna madeki yana tundu la AUX au VTR kwenye droo ya abiria au chini ya dashibodi. Kagua. Lile la VTR mara nyingi ni la pini ya milia mitatu, kwa sababu linabeba na picha. Ukichomeka waya wa kawaida wa simu unapata upande mmoja wa spika au mvumo. Tafuta waya sahihi, usilazimishe.

La mwisho na la kushika: USICHOMOE BETRI kabla ya safari. Madeki mengi yenye ramani yakikosa umeme yanajifunga na kudai namba ya siri au diski ya ramani, na diski ilibaki Japani. Ukiamua kubadilisha deki nzima ni jambo lingine. Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200, deki nyingi za madukani ni 178, utahitaji vipande vya pembeni vya kama milimita 11 kila upande, la sivyo inacheza kila tuta.

---

Kijana_wa_Mafinga

Kwani usiwapigie zilipendwa zetu tu, wajifunze na wao? Wamekuja Tanzania au wamekuja Japani?

---

Sakura_Gangilonga

@Kijana_wa_Mafinga zetu zipigwe, na wageni watazipenda, ila kusikiliza na kuimba ni vitu viwili. Aliyeuliza anataka waimbe. Changanya moja yetu kila baada ya tatu zao, hasa zenye kiitikio kifupi.

---

mama_Katumba

Nianze na barabara, maana nyimbo zimeshajibiwa vizuri.

Mbeya mjini hadi Uyole usipige wimbo wa kuimba. Kuna malori, bajaji, vituo vya daladala kila hatua, na dereva anahitaji masikio. Weka kitu cha kusikiliza kwa sauti ya chini. Hata albamu ya Ōtaki Eiichi ya 1981, "A Long Vacation", inafaa hapo. Ni ya kusikiliza kuliko kuimba.

Ukikata kulia Uyole, barabara inapanda kuelekea Isyonje na Isongole. Baridi, na ukungu mara kwa mara. Vioo vimefungwa, kwa hiyo sauti inasikika vizuri ndani. Hapa ndipo pa zile za taratibu: "Shōnen Jidai", "Manatsu no Kajitsu", "Chūō Furīwei". Dereva naye hasukumwi. Wimbo wa kasi unakanyaga mafuta wenyewe, asiyeamini aangalie spidi yake kiitikio kikianza.

Isongole kushuka Kiwira mpaka Tukuyu ni kona na mteremko. Kanuni yangu ni moja: hakuna karatasi mkononi mwa abiria. Mtu wa miaka hamsini na kitu anayesoma maandishi madogo kwenye kona zile atatapika kabla ya daraja la Kiwira, na wimbo utaishia hapo. Weka wanazozijua kichwani tu. Mahali pa "Natsuiro" ni hapa hapa: wimbo wenyewe unahusu kushuka mteremko mrefu mrefu na baiskeli, mwenzako nyuma, umeminya breki kwa nguvu, polepole. Wageni watacheka wenyewe. Wewe dereva usifuate wimbo lakini: shuka na gia ndogo, breki gusa na kuachia, ukizikalia mwendo wote zinachemka.

Tukuyu simama. Chai, ndizi, maji. Wasiongee dakika kumi, koo zipumzike. Maji yawe ya kawaida. Ya baridi sana katikati ya kuimba yanakaza koo.

Tukuyu kwenda Ushirika na kushuka hadi Kyela joto linapanda kila kilomita. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya 500, unaweza kufungua vioo na kuvua sweta. Hapa fungua ya kasi: TUBE zote, "Natsu Matsuri", Puffy. Vijijini punguza sauti pamoja na mwendo: pikipiki zinaingia barabarani bila kuangalia, na honi ya anayekupita lazima uisikie.

Baada ya Ipinda, subiri mpaka ziwa lionekane, ndipo upige "Katte ni Sindbad". Unaanza kwa kutaja Chigasaki, na mbele kidogo mwimbaji anaiona Enoshima na kujua nyumbani ni karibu. Usiupige mapema ukauchosha.

---

dereva_uyole

Ndaga fijo, nyote. Maswali mawili yamebaki. Hao Watanzania wawili wataimbaje? Na huyu wa 1961 mwenyeji anasema sauti yake imeshuka, nyimbo za juu anazikimbia. "Hot Limit" na TUBE si ziko juu sana?

---

Sakura_Gangilonga

Ziko juu, ndiyo. TUBE na T.M.Revolution zinamchosha hata wa miaka 45. Tengeneza toleo la bila sauti ya mwimbaji, kisha ulishushe kwa programu ya simu inayobadilisha ufunguo wa wimbo bila kubadilisha kasi. Nusu-toni mbili zinatosha kwa wanaume wengi, tatu kwa huyo mkubwa. Usizidishe nne, vyombo vinaanza kusikika kama vimelowa. Jaribu kabla hujachoma CD, kwa sababu ndani ya gari huwezi tena kurekebisha. Na toleo la bila sauti tumia kwa nyimbo nne au tano tu. Kwa nyingine acha mwimbaji abaki: sauti yake inawaficha wanaokosea, na watu wanaimba kwa uhuru zaidi.

Pakua kila kitu ukiwa Mbeya mjini, usitegemee mtandao njiani. Nyimbo 60 kwa ubora wa 320 kbps ni kama MB 650, si nyingi. Na wapo wasanii wakubwa waliokataa kwa miaka mingi kuweka kazi zao kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni, Yamashita Tatsurō akiwa mfano mkubwa. "Ride on Time" yake ya 1980 ukiikosa, usipoteze usiku mzima ukiitafuta. Muulize mgeni kabla hajasafiri kama anayo kwenye simu.

Kuhusu Watanzania, mna bahati ya lugha. Irabu za Kijapani ni tano, a e i o u, zinatamkwa karibu sawa na zetu, na silabi nyingi zinaishia kwa irabu kama za Kiswahili. Mtu wa Mbeya akisoma Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za kwetu anatamka vizuri kuliko Mwingereza aliyesoma mwaka mzima. Vitu vinne tu vya kuwafundisha:

Mstari juu ya irabu, kama ō kwenye "Shōnen", maana yake vuta mapigo mawili. Ukifupisha, unamaliza mstari kabla ya muziki.

"N" iliyosimama peke yake ina pigo lake, kama ya mwanzo kwenye "nchi". "Jidai" haina tatizo, lakini "Shōnen" ni mapigo manne: sho-o-ne-n.

"R" yao ni nyepesi, iko katikati ya r na l. Anayechanganya r na l kwa Kiswahili hapa hana kosa.

"U" baada ya s au k mara nyingi inamezwa wakati wa kuongea, lakini ikiimbwa kwa noti ndefu inarudi. Fuata mwimbaji.

Wape viitikio tu, usiwape beti. Na karatasi chapa za aina mbili: Wajapani wape maandishi yao ya Kijapani, kwa sababu wakisoma lugha yao kwa herufi za kilatini wanakwama, Watanzania wape hizo za kilatini. Herufi ziwe za ukubwa wa 16 au zaidi, wimbo mmoja ukurasa mmoja, ziingie kwenye faili la plastiki. Bila ukubwa huo kila mtu atatafuta miwani ya kusomea na wimbo umeshafika nusu.

---

mama_Katumba

Na za kurudi zitenganishe. Watu wamechoka na jua, wengine watalala. Usirudie TUBE. Weka "Natsu no Owari no Hāmonī" ya Inoue Yōsui na Anzen Chitai (1986), ni ya sauti mbili, wawili waliobaki macho wataimba, wengine wasinzie. "Secret Base" nayo iwe ya kurudi, usiitumie wakati wa kwenda. Ondokeni Matema asubuhi, msije kuukuta ukungu wa Isongole usiku.

---

dereva_uyole

Nimekagua leo. Ekspanda ipo, stesheni ya 98.5 inasikika kwenye 78.5. Deki ina alama ya MP3. Nimejaribu transimita kwa 100.3 na deki 80.3 kama fundi alivyosema, imeshika, ila kuna mlio mwembamba unaopanda na kushuka nikikanyaga mafuta.

---

fundi_Mwanjelwa

Huo ni umeme wa alteneta unaingia kupitia chaja. Chomoa waya wa kuchaji simu kwenye hiyo transimita, simu itumie Bluetooth na betri yake yenyewe. Ukiisha mlio, umeupata. Usipoisha, kaza waya wa hasi wa ekspanda kwenye bodi ya gari, sehemu iliyokwanguliwa rangi. Simu iwe na sauti asilimia 80, si 100, halafu ongeza kwenye deki. Ikiwa 100 transimita inakwaruza kwenye viitikio. Na kwa kuwa deki inasoma MP3, choma CD moja ya MP3 yenye nyimbo zote uifiche kwenye droo, kuwa akiba transimita ikigoma.